Dereva Anayeogopa Damu

Hapa mjini Irbid, kila anayecheza ule mchezo wa kuigiza maisha mtandaoni anampenda mhusika Abu Salma, dereva wa ambulensi anayeogopa damu. Sauti ni ya binamu yangu Wajdi, lakini Abu Salma nilimzaa mimi. Huingii mchezoni bila kutuma ombi lenye kisa cha mhusika wako, na Wajdi hajui kuandika hata salamu za Idi. Nikamwandikia.

Juzi mimi na Wajdi tukila kunafa, ule utamu wa jibini na shira, jamaa mmoja aliitambua sauti yake akamrukia. "Wallahi ni wewe! Hebu sema lile la bandeji!" Maneno hayo ni yangu!

Nikatuma ombi langu mwenyewe, kwa jina la bandia nisije nikaitwa mkia wa Wajdi: mchimba makaburi anayeogopa giza.

Kesho yake Wajdi akanipigia simu. "Binamu, wenye mchezo wamenifanya mkaguzi wa maombi! Kuna mtu kaniiga wazi wazi, eti mchimba makaburi anaogopa giza. Hana haya! Niandikie jibu la kumkataa, limchome kabisa. Wewe ndiye fundi."

Nilisaga meno, nikaandika. Kwa wivu nilionao, kila neno lilichoma.

Sasa wachezaji wanalisambaza jibu hilo kila mahali. Wanasema Wajdi ana kalamu.