Goti la Yunisi

Tusidanganyane, jamani. Yunisi alimpenda wifi yake, na asije mtu akasikia alichokifanya akasema yule mwanamke alikuwa na roho mbaya. Miaka kumi na moja alikimbia naye, mkono wake umefungwa kamba na mkono wa Ng'washi, alfajiri kwa alfajiri, kwenye barabara ya vumbi inayofuata mfereji wa mashamba ya mpunga pale Rujewa. Ng'washi haoni tangu alipougua surua utotoni. Macho yalikuwa ya Yunisi.

"Shimo kulia. Ng'ombe mbele, punguza. Haya sasa, wifi, achia miguu!"

Na Ng'washi aliachia miguu kweli. Alipokuwa na miaka ishirini alishinda mita elfu moja na mia tano mbele ya wageni, na siku hiyo kila mtu alimpenda. Wakubwa walipiga naye picha, wakampa viatu, wakampa trakisuti mbili, moja ya mwongozaji. Alipofika ishirini na sita viatu vikaisha asiulizwe. Alipofika thelathini aliyebaki ni Kocha Ezron peke yake, mzee wa Kinyakyusa aliyekuwa akitoka Mbeya kwa nauli ya mfukoni mwake kuja kumtazama. Wengine wote walikuwa wameshapata binti mwingine wa kupiga naye picha. Ndivyo tulivyo, na aibu hatuna.

Basi, msimu wa mavuno uliopita goti la Yunisi likaanza kuvimba. Alilikanda kwa maji moto, akalifunga kitambaa ndani ya trakisuti, akakaa kimya. Mwongozaji akipungua mbio, anayeongozwa naye anapungua, maana wamefungwa pamoja. Ng'washi akaanza kuchelewa, na hakujua kwa nini.

"Wifi, mbona unahema hivyo?" aliuliza siku moja.

"Vumbi tu. Wewe ndiye umekuwa mzito siku hizi."

Alilisema kama utani. Ng'washi akacheka, lakini tangu siku hiyo akawa anakula nusu sahani.

Ezron hakuwa mjinga. Alikuja, akaona mwongozaji anachechemea, na aliporudi Mbeya akapiga simu ya Yunisi, kwa sababu Ng'washi hakuwa na simu.

"Yunisi, mwanangu, mchujo wa timu ya taifa Iringa ndio huu, na Ng'washi ana thelathini na moja. Hilo goti litamponza. Nina binti hapa, Mercy, anasomea ualimu, ana mbio huyo! Muulize Ng'washi kama atakubali kukimbia naye."

Muulize! Hapo ndipo mzee wa watu alipokosea, na wema wake wote. Miaka kumi na moja, mwambie hivi, muulize vile, kana kwamba surua iliziba na masikio. Ng'washi alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwenye ile simu, anachambua mchele.

Yunisi alikaa siku tatu, akapiga. "Hataki, kocha. Anasema mtu mwingine hamwamini."

Hakuwa amemuuliza.

Kwa nini? Hata yeye alijiuliza. Pale nyumbani alikuwa mke wa Nkuba, mama wa watoto wanne, wa kupanda mpunga, kupalilia mpunga, kupura mpunga. Akivaa ile trakisuti alikuwa Yunisi. Alikuwa amefika Iringa, amefika Dar es Salaam, jina lake limesomwa kwenye kipaza sauti pamoja na la wifi yake. Bila kamba ile angebaki nani? Akajiambia goti litapona. Akajiambia ni mara moja hii tu, ya mwisho, kisha atamwachia huyo Mercy.

Mchujo ulitaka dakika tano na sekunde kumi na tano. Siku hiyo Iringa palikuwa na ubaridi, mbio zilivyoanza walikwenda vizuri, na Yunisi akaanza kuamini uongo wake mwenyewe. Mzunguko wa tatu goti likakataa. Alijikaza kisabuni, machozi yanamtoka, anahesabu hatua, lakini Ng'washi alikuwa anataka kwenda na yeye hawezi kwenda. Mita mia za mwisho kamba ilinyooka kabisa, Ng'washi mbele, Yunisi anakokotwa nyuma. Mtu asiyeona akamvuta mwenye macho mpaka mwisho.

Dakika tano na sekunde ishirini na nne.

Walikaa stendi ya Ipogolo kusubiri basi la kurudi, soda mkononi, hakuna anayekunywa. Ng'washi ndiye aliyeanza.

"Nisamehe, wifi."

"Nikusamehe nini?"

"Nimezeeka, sikukwambia. Nilijua nimekuwa mzito, nikajipa moyo tu. Miaka yote hiyo umeacha watoto wako, umeacha shamba, unanihangaikia, na mimi nimekuangusha. Sikimbii tena. Pumzika sasa."

Jamani, roho ya Yunisi ilichomeka. Angeweza kukaa kimya hapo, na mambo yangeishia hapo, wangezeeka wote wawili kwa amani. Lakini akafungua mdomo na yote yakamwagika: goti, simu, Mercy, lile neno "hataki". Alisema huku analia, na abiria wakawa wanageuka kuwatazama.

Ng'washi hakulia wala hakufoka. Alinyoosha kiganja.

"Nipigie kocha. Niongee mwenyewe."

Akaongea. Ezron alishtuka kusikia sauti ile kwenye simu, akaomba radhi, akaomba tena. Lakini orodha ilishafungwa. Mchujo mwingine kama ule ulikuwa miaka minne mbele. "Ila njoo Mbeya, mwanangu," alisema. "Nataka tu kuona."

Wiki mbili zilizofuata Ng'washi hakumsemesha Yunisi ila kwa mambo ya chumvi na kuni. Siku ya kwenda Mbeya aliomba apelekwe na Yunisi, si na Nkuba. Uwanjani Yunisi mwenyewe ndiye aliyeufunga mkono wa wifi yake na wa Mercy, msichana mrefu, mpole, aliyemwamkia shikamoo dada mpaka Yunisi akaona haya. Ezron alitaka kushika saa ya kupimia.

"Saa ashike wifi," Ng'washi alisema.

Ezron akamkabidhi Yunisi.

Wakaenda. Mzunguko wa kwanza walikuwa bado wanatafutana hatua. Wa pili wakaelewana. Wa tatu Ng'washi aliachia miguu, kichwa juu, na Yunisi akaona jambo ambalo miaka kumi na moja hakuwahi kuliona, kwa sababu alikuwa ubavuni pake: akaona jinsi wifi yake anavyopendeza akikimbia. Alisahau goti, alisahau aibu, akapiga kelele. "Nyoosha, wifi! Nyoosha!"

Walipokata mstari alibonyeza saa, akatazama. Dakika tano na sekunde tisa.

"Ngapi?" Ng'washi aliuliza, mikono kiunoni, anatweta.

Ezron alikuwa amechungulia begani kwa Yunisi. Akatikisa kichwa taratibu: usimwambie. Na kweli, ingekuwa rahisi. Aseme tano na kumi na saba, na Ng'washi arudi Rujewa akijua kwamba hata angekimbia na Mercy siku ile asingepita, kwamba hakunyang'anywa kitu. Angelala usingizi. Pengine angemsamehe mtu. Uongo huu ungekuwa wa huruma, si kama ule mwingine. Ulimi wa Yunisi ulishaanza kuuumba.

"Ngapi, wifi?"

"Tano na tisa," alisema.

Ng'washi alishusha mikono. Akahesabu, midomo ikichezacheza.

"Nilikuwa napita."

"Ulikuwa unapita."

 Ng'washi alikaa chini pale pale kwenye udongo, akalia kwa sauti ambayo Yunisi hakuisikia hata siku walipomzika mama mkwe, na Mercy, kamba ingali mkononi, ikabidi achuchumae naye. Yunisi aliiachia saa, akapiga hatua moja.

Ng'washi alimsikia. Aliinua mkono ule mtupu.

"Usije, wifi," alisema. "Usije kwanza."