Kumwulizia Bhombol

Siku Bhombol alipokosekana, duka lake la kutengeneza vinanda halikufunguliwa asubuhi nzima, na sisi wa kibanda cha chai hatukushtuka. Tulidhani kaenda Kolkata kutafuta vipuri. Mchana akaja polisi na baiskeli yake, akauliza:

"Sushobhan Das anakaa hapa?"

Tukatazamana. Nusu ya mtaa wetu ni akina Das, lakini Sushobhan?

"Hayupo, bwana," nikasema.

"Hayupo kabisa?"

"Bwana mkubwa, hapa hata paka tunawajua majina," Kshitish, mwenye kibanda, akadakia. Tukacheka. Polisi akaandika, akaenda zake.

Jioni muuza karanga wa stesheni akatuambia kuwa Bhombol alianguka jukwaani alfajiri, akapelekwa hospitali. Nikatoka mbio, viatu nimevaa kimojakimoja njiani.

"Jina la mgonjwa?" karani akauliza.

"Bhombol Das."

"Hilo la nyumbani, mjomba. Jina zuri?"

Nikakwama. Kwetu kila mtu ana jina la nyumbani, na jina zuri la shuleni na serikalini, na majina hayo mawili hayajuani. Bhombol alihamia mtaani akiwa mtu mzima, na mama yake. Mama alimwita Bhombol, nasi tukamwita Bhombol. Mama amekwisha kufa. Nimekunywa chai na mtu huyu ujana wangu wote hadi mvi, sikuwahi kuhitaji jina jingine.

"Ni mnene," nikasema. "Kipara. Mashavu yamejaa, hivi."

"Mimi naandika majina, mjomba, siandiki mashavu. Das ninao wengi. Yupi?"

Nikaenda kwenye lango la wodi. Mlinzi akataka kibali, na kibali hakitoki bila jina.

"Niache nichungulie tu, mwanangu."

"Kila mtu anataka kuchungulia. Lete jina."

Nikarudi kibandani nimefura kwa hasira.

"Nadhani ni Subimal," mmoja akasema.

"Subimal ni yule wa duka la dawa, mpumbavu wewe!"

"Laltu," Kshitish akanigeukia, "nyinyi mlikuwa chanda na pete. Wewe ndiye usijue?"

"Na wewe unajua langu?"

Akanikodolea macho. "Si Laltu?"

Hakuna aliyecheka.

Asubuhi nilikuwa tena kwenye foleni ya karani, nikiyapanga majina kichwani: Sukumar, Sunil, Shyamal. Ndipo nikamkumbuka polisi. Yule polisi alikuwa anatafuta watu wa Bhombol, nasi tukamfukuza kwa kicheko. Nikawapita wote waliokuwa mbele yangu, wakanitukana, nikapiga kelele dirishani:

"Sushobhan! Sushobhan Das!"

Karani akatafuta kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Amefariki usiku," akasema, safari hii kwa upole.

Muuguzi wa zamu aliniambia Bhombol alikuwa akiuliza kama watu wa mtaani wameshafika. Nikamjibu kwamba nilikuwa hapo chini, langoni, jioni ile ile. Sijui kwa nini nilimwambia yeye.

Niliomba tumchukue tukamchome wenyewe kwa desturi yetu, kwa kuwa hana mwana wala ndugu. Wakanituma kituo cha polisi. Nikamkuta yule yule wa baiskeli.

"Jana mlisema hamumjui."

"Leo tunamjua."

"Mmefahamiana lini, kati ya jana na leo? Alikuwa taabani, mzee, lakini mtaa alioutaja ni wenu. Nilikuja. Mkanicheka."

Ningemkasirikia, lakini alisema kweli.

Mwili uko chumba cha maiti, na polisi hawautoi bila hati. Kesho Kshitish na mimi tunakwenda mahakamani kula kiapo kwamba Bhombol na Sushobhan Das ni mtu mmoja.