Nukta Mbili za Mama

Gloire alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, ameshika kalamu ya wino mzito, akichora kwenye mfuko wa karatasi wa dukani.

"Mama mudogo, kuya uone. Hii ni mama kwa Kijapani."

Alikuwa ameandika 母. Alijifunza kwenye klabu ya Kijapani shuleni kwao, hapa Whitehall, pembeni mwa Columbus, na alitaka kuiandika kwenye jiwe la kuweka kaburini kwa mama yake siku tutakayomaliza kilio kule Louisville. Nikamwambia kwamba mama yake, Patricia, hakujua Kijapani.

"Hata Kiingereza hakujua sana," akasema. "Na kwenye kaburi waliandika Kiingereza."

Mtoto akishakujibu hivyo, unavuta kiti unakaa.

Patricia alikuwa dada yangu mkubwa. Alifariki mwaka jana huko Louisville, akaniachia huyu mmoja, nikamleta Columbus. Baba yake, Murhula, alikufa zamani kwenye kambi ya wakimbizi. Kwa hiyo kwenye kilio hicho kulikuwa na jambo la pili la kumaliza: Cubaka, kaka mkubwa wa Murhula, angekuja kutoka Buffalo kumchukua Gloire akaishi kwake. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, na Cubaka si mtu mbaya. Ana nyumba, ana kazi nzuri, ni shemasi, na hayo yote atakuambia kabla hujamaliza kumsalimia. Alinipigia simu.

"Bon, Chimène, umefanya vizuri. Lakini wewe uko mama yake mudogo tu."

Hilo "tu" lilinichoma. Jibu nilikuwa nalo, ila sikuwa na ruhusa ya kulitoa.

Gloire alitaka na mimi nijue kuandika. Akanionyesha: unaanza kushoto, unashuka, unakata kwenda kulia. Mstari wa pili unatoka juu unazunguka upande wa pili. Halafu nukta ya juu, nukta ya chini, na mstari wa kupita katikati ndio wa mwisho. Mimi nikaanza na nukta kwa sababu zilionekana rahisi. Akaninyang'anya kalamu.

"Hapana. Kila kitu iko na zamu yake."

"Na hizi nukta ni za nini?"

"Ni matiti," akasema bila kuinua kichwa. "Mwalimu alisema ni mama mwenye ananyonyesha."

Nikainuka nikaenda kukoroga maharagwe ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

Gloire alipozaliwa kambini, Patricia aliugua vibaya, maziwa yakamkauka. Mimi nilikuwa nimetoka kumzika mtoto wangu, kifua kimejaa, kinaniuma kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo. Nikampokea Gloire, nikamnyonyesha hadi akatembea. Patricia alipopata nguvu aliniomba jambo moja, kwamba mtoto ajue mama mmoja. Nikaapa. Sasa nisimame juu ya kaburi lake, siku ya kilio chake, nimnyang'anye hata hilo? Afadhali Buffalo wamchukue mtoto. Hivyo ndivyo nilivyoamua, na nililia, sifichi.

Siku ilipofika tulikutana Louisville. Cubaka alipakia begi la Gloire kwenye gari lake hata kabla ya sala, kama mtu anayeogopa kuchelewa basi. Mchungaji aliomba, tukaimba, halafu Gloire akapiga magoti mbele ya jiwe jeupe tulilolileta kutoka Columbus na kuliweka kaburini, na brashi yake ya rangi nyeusi.

Akavuta mstari wa kwanza. Akavuta wa pili. Akasimamisha mkono.

Nilidhani amesahau. "Nukta," nikamnong'oneza. "Ya juu kwanza."

Aliinuka akanipa brashi. "Hizi ni zako."

Niliishika brashi bila kuelewa.

"Mama aliniambia ku hospitali," Gloire akasema, akimtazama Cubaka. "Alisema maziwa yake ilikauka, njo mama mudogo akaninyonyesha. Alisema mama mudogo aliapa, hatasema hata siku moja." Akavuta pumzi. "Lakini mie sikuapa."

Patricia, mkubwa wangu. Mimi alinifunga mdomo, kisha akaenda kuufungua wa mtoto.

Nilichuchumaa. Nukta yangu ya juu ikachuruzika kidogo. Nikaweka ya chini. Gloire akachuchumaa kando yangu, akachukua brashi akapitisha mstari wa mwisho katikati, taratibu, ukatugusa wote watatu, Patricia, yeye na mimi.

"Ni kweli, Chimène?" Cubaka akauliza.

"Ni kweli."

"Na nilikuambia mudogo tu. Ukanyamaza."

"Niliapa, baba."

Alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Kisha akaenda kwenye gari lake, akatoa lile begi, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari langu, akalipakia.

"Donc, likizo mutakuya Buffalo," akasema. "Wote wawili."

Gloire alikuwa bado amechuchumaa kwenye jiwe, anapuliza zile nukta zikauke.