Kengele Ndogo Kuliko Zote

Siku tatu Gonario, mfua kengele za mifugo, hakutulia. Alishika nyundo, akaiweka, akatoka nje, akarudi kuitafuta. Bachisio, mchungaji wa kondoo mia mbili, alikuwa amemrudishia kengele kumi na mbili alizomfulia na kutamka mbele za watu kwamba ile ndogo kuliko zote haipatani na wenzake. Katika milima ile ya Sardinia kila kundi lina sauti yake, na ukungu ukishuka mchungaji huwatambua kondoo wake kwa masikio tu. Kumwambia fundi kengele yake imekosea ni kumvua nguo sokoni.

Asubuhi hiyo Bachisio alikuja tena.

"Mara ya tatu naitengeneza hii," Gonario alifoka, akaigonga. "Haya, sema!"

"Bado, fundi. Sauti imepanda mno, inanichoma meno."

"Wewe unalala na kondoo, utajua nini habari ya sauti?"

"Nalala nao kwenye kimya. Ndiyo maana nasikia."

Gonario akamgeukia binti yake, Nicolosa, aliyefua naye chuma humo karakanani. "Hebu mwambie huyu mjuaji."

Nicolosa akatazama chini. "Imepanda, baba."

Gonario akaigonga tena, sikio karibu ligusane na chuma. Alisikia mlio mfu kama wa bati tu. Ile sauti nyembamba ya juu waliyoisikia wenzake, yeye hakuipata. Nicolosa akaichukua taratibu, akaipiga nyundo tano nyepesi. Bachisio akacheka kwa furaha, akabeba kengele zake akaondoka.

"Vile viziba masikio ulivyoleta kutoka mjini viko wapi?" Gonario aliuliza.

"Si ulivicheka, baba? Ulisema fundi aliyeziba masikio ni mpishi aliyeshona mdomo. Nikavitupa."

Ndivyo Gonario alivyosema kweli, na alisema mbele ya wateja, wakacheka wote. Baba yake na babu yake walifua masikio wazi, maana chuma kikiwa chembamba kiasi cha kutosha hukwambia chenyewe kwa mlio wake. Walikufa viziwi wote wawili, na ukoo mzima uliuita uziwi huo uzee.

"Kanunue vingine leo hii. Vyako kwanza. Masikio yako mazima?"

"Mazima. Si umeona?"

Alipaswa kufarijika. Sikio moja nyumbani latosha, alijiambia, akazunguka tena, akasimama. Fuawe ya Nicolosa, chuma alichofulia juu yake, ilikuwa upande wa kulia wa ile ya baba yake. Miaka sita binti alisimama pale, sikio la kushoto limeelekea nyundo ya baba yake. Akamgeukia.

"Ziba la kulia. Na macho ufumbe."

"Baba naye! Umeanza michezo ya watoto?" Lakini alitii, akabonyeza kidole sikioni, akafumba macho huku akitabasamu.

Gonario akatwaa kengele nyingine ndogo rafuni, akaisogeza penye sikio la kushoto la binti, akaigusa kwa ukucha. Yeye mwenyewe hakusikia kitu, lakini aliihisi ikitetemeka vidoleni. Akaigusa tena, kwa nguvu zaidi. Ikatetemeka mpaka kiganjani.

Nicolosa bado alikuwa akitabasamu.

"Haya, baba," alisema, "piga basi."