Kiti cha Mbele

Safari ya kupanda mlima kwa gari Wakonyo aliipanga mwenyewe, akiwa nyumbani kwake Ruring'u, miguu ndani ya beseni la maji moto na simu imelazwa mezani kwenye spika. Watatoka kwenye mabanda ya kulala wageni ya mbuga, karibu na geti la Sirimon, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Msitu wa chini wataupita bila kusimama, maana nyani si kitu cha kumwamshia mtu alfajiri. Watasimama pale juu miti inapoisha, kabla ya saa tatu, kwa sababu kila aliyezaliwa Nyeri anajua kwamba ikikaribia saa nne mlima hujifunika, na ukishajifunika haubembelezwi.

"Na mimi nitakaa mbele," alimaliza.

Upande wa pili, huko Nanyuki, alikuwa binti yake Murugi.

"Umeskia?"

"Nimeskia, Mami. Tutaongea."

"Hakuna cha kuongea. Mbele."

Alikuwa ameshona sare za shule miaka thelathini na mmoja, cherehani yake ikiwa dirishani, na siku za uwazi mlima ulikuwa unamchungulia juu ya paa la jirani. Alizaliwa ukimtazama, akaolewa ukimtazama, akamzika mumewe ukimtazama, lakini kuukaribia hakuwahi. Nani angempeleka? Watu wa kwao mlima huwaachia wageni wenye fimbo mbili mbili. Kisha presha ya macho ikamwingia. Jicho la kushoto lilizimika miaka miwili iliyopita, na daktari akamwambia kwamba la kulia litafuata, ila mwezi hakuujua. Tangu siku hiyo Wakonyo alitaka kitu kimoja tu duniani: auone mlima kwa karibu, theluji na mawe yake, kabla giza halijafunga. Akikaa nyuma ataona nini? Kisogo cha kiti.

Shida ilikuwa dereva. Gari la kupanda kule lilikuwa moja, pikapu ya milango minne ya kuazima, na Murugi hajui kuendesha. Dereva alikuwa mumewe, Simiyu, mwalimu wa hesabu Nanyuki, Mbukusu wa Kimilili, mtu ambaye tangu amwoe Murugi hajawahi kumpa Wakonyo mkono wala kumtazama usoni. Wakonyo akiingia mlango huu, Simiyu hutokea ule. Chakula akiandaliwa, hukila uani. Kwa Wakonyo, hiyo ilikuwa dharau tupu. Alikuwa amempinga tangu mwanzo, akisema binti yake ameenda kuokota mume mbali wakati Nyeri nzima imejaa vijana, na kila mara Simiyu alipompa kisogo alijipongeza moyoni kwa kuona mbali.

Mwaka jana, Agosti kama hii, safari hii hii ilipangwa ikavunjika. Siku hizo jicho la kulia lilikuwa bado linatunga uzi kwenye sindano. Murugi alimwomba akae nyuma, akakataa. Murugi akasema watakodi dereva wa Nanyuki, mama akakataa pia.

"Nikodishiwe mtu na mkwe wangu ako na mikono? Ama mimi nanuka?"

Safari ikafa. Simiyu na Murugi walienda wao wawili, wakarudi na picha kwenye simu. Wakonyo hakutaka kuziona.

Mwaka huu Murugi aliona heri amwambie ukweli. Alishuka Nyeri Jumapili moja baada ya kanisa, akafunga mlango, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mami, Simiyu hakudharau. Kwao mtu na mama mkwe hawakaribiani. Hawakai kiti kimoja, hawasalimiani kwa mkono. Ni heshima. Inaondolewa tu mama mkwe akipokea zawadi."

"Zawadi gani?"

"Ile blanketi."

Wakonyo alilikumbuka sana. Kwenye ruracio, alipopelekewa mahari, blanketi lake lilikuwa kwenye orodha kama la mama yeyote, akapewa, akalipokea. Wiki tatu baadaye wajomba wa Simiyu wakatua kutoka Kimilili, wazee wanne wenye makoti, na blanketi jingine na kondoo jike. La pili la nini? Aliona wanamcheka, wanamfanya mjane asiye na kitu cha kujifunika. Akalichukua mikononi mwa mjomba mkubwa, akatoka nalo mpaka getini, akampa bawabu wa jirani mbele ya macho yao yote. Akarudi akawaambia yeye si maskini wa blanketi. Wazee walimeza chai yao wakaondoka na kondoo wao.

"Hiyo ndiyo ingefanya mkae pamoja," Murugi alisema. "Ulipoipeana, ulimkataa."

"Na hamkuniambia kwa nini?"

"Ungeskia? Mami, wewe ulikuwa unaskia?"

Wakonyo alinyanyuka akaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyataka. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Mtu mwingine angesema hapo hapo, nilikosa, mwambie alete tena. Murugi alimweleza hata njia: apige simu Kimilili, aseme neno moja kwa mjomba, na wazee wangekuja. Lakini kuomba msamaha kwa watu aliowafukuza ni kumeza jiwe, na Wakonyo alikuwa amewasema wale wazee kwa kila mteja aliyekuja kupimwa sketi. Alijiambia atapiga kesho. Julai ikaisha akiwa bado anajiambia kesho.

Julai hiyo Nyeri ilizama kwenye ukungu na baridi kama kila mwaka. Wakonyo alikaa dirishani, akatazama juu ya paa la jirani, hakuona mlima. Hata wenye macho mazima hawakuuona, walisema hivyo sokoni, naye akafarijika kupita kiasi. Kwamba paa lenyewe nalo lilikuwa limeanza kupotea, hilo hakumwambia mtu. Sindano alishaiacha tangu Mei.

Walifika mbugani Ijumaa moja ya Agosti. Simiyu alitangulia na mizigo, Murugi na mama yake wakafuata kwa teksi. Wakalala wanawake banda hili, Simiyu banda lile.

Asubuhi, saa kumi na mbili na robo, Wakonyo alishika ukuta, akashika mti, akashika mlango wa pikapu, akaingia mbele. Akafunga mkanda. Akaweka mkoba mapajani akaushikilia kwa mikono miwili.

Simiyu alitoka na funguo, akamwona, akasimama.

Aligeuka akatazama msitu. Murugi alikuja akainama dirishani.

"Mami, tafadhali. Rudi nyuma."

"Mwambie aingie."

"Hawezi. Unajua hawezi."

"Basi tutakaa hapa."

Wakakaa hapo. Saa moja ikapita. Simiyu aliketi juu ya jiwe, kisogo kwa gari, funguo zikining'inia kidoleni. Murugi alikuwa anaenda kwa mumewe, anarudi kwa mama yake, akilia sasa bila kujificha. Wakonyo alijua anachofanya. Alijua pia kwamba neno moja lingetosha, lakini kila alipotaka kulitoa alimwona yule mwanamume amempa kisogo, na hasira ya miaka mitatu ikalirudisha chini. Alimchukia kwa heshima yake. Alijichukia zaidi.

Ilipokaribia saa mbili, akamsikia Murugi kule kwenye jiwe, hana tena nguvu ya kunong'ona.

"Wewe huoni vile anatembea? Anashika ukuta, Simiyu. Jicho inaisha. Mwaka kesho hatakuwa na la kuona. Wacha wajomba wakasirike."

Kisha mlango wa dereva ukafunguka, na mtu mzima akaingia polepole, akajibana upande wake mpaka bega likagusa kioo. Wakonyo alisikia pumzi yake inavyokatika. Mtu huyu alikuwa anavunja kitu cha baba yake na babu yake kwa ajili ya mwanamke aliyemtupia blanketi bawabu. Wakonyo alitaka kusema asante, akasema, "Tumechelewa."

Walipanda. Gari liliruka mawe, likanguruma kwenye kona, na harufu ya msitu ikapungua, hewa ikawa nyembamba na baridi. Wakonyo alielekeza uso mbele, hakupepesa, asije akapitwa na kitu. Kioo cha mbele alikiona kama kitambaa cheupe kilichoanikwa.

Gari likasimama.

"Miti imeisha," Murugi alisema kutoka nyuma. Sauti yake ilikuwa nyepesi ghafla, ya msichana mdogo. "Mami! Mami, ona!"

Wakonyo akatazama. Akageuza kichwa kidogo kushoto, kidogo kulia, kama daktari alivyomfunza. Weupe. Akafuta kioo kwa kiganja, akatazama tena. Weupe ule ule.

"Ni mawingu?" aliuliza.

Nyuma yake Murugi alivuta pumzi, na pumzi hiyo hakuirudisha. Halafu sauti ikatoka upande wa kulia, karibu sana, nzito na ya upole, sauti ambayo kwa miaka mitatu Wakonyo aliisikia tu ikizungumza na watu wengine.

"Ni mawingu, mama," Simiyu alisema. "Umejifunika wote. Hata sisi hatuoni."

Jua lilikuwa limemjaa mapajani kupitia kioo, kali, la kumtoa mtu jasho. Wakonyo akafungua vifungo vya sweta, kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho.

"Haya," alisema. "Basi tungoje yapite."

Simiyu akazima gari, wakangoja.