Kipimo cha Odero

Mume wangu Odero alifariki Jumatano asubuhi, nikiwa bado napoza uji wake. Nilikuwa nimeomba apone, na kanisa zima liliomba. Hakupona. Hilo silielewi mpaka leo, na sitaandika kana kwamba nalielewa.

Alikuwa mrefu kuliko wanaume wote niliowahi kuwaona. Tuliuza mitumba ugenini, soko la Owino, miaka kumi na tisa. Aliwavisha watu suti za kila namna, lakini yeye mwenyewe hakupata suruali ya kumfika viatuni. Kanisani walimtania, "Odero, leo umevuka mto gani?" Naye alicheka: "Siku moja nitavaa inayogusa viatu, hamtanijua." Wodini alinishika mkono. "Rosebella, usiniache niende nyumbani na vifundo vya miguu nje." Ulikuwa utani, lakini nilimwahidi.

Omolo, mwenyekiti wa chama chetu cha Wakenya cha kuzikana, aliniambia, "Shemeji, suti niachie mimi. Wewe kaa ulie." Nikamwachia. Nilimpa kamba niliyompimia Odero, fundo moja la kiunoni, la pili la kisiginoni, aipeleke kwa fundi.

Alhamisi mchana alileta suti na kamba yangu. Gari la kumpeleka nyumbani Siaya lilikuwa liondoke kesho yake asubuhi. Niliinyoosha suruali kitandani, nikaipima. Ilipungua shubiri nzima.

"Fundi alisema hakuna binadamu mwenye miguu hiyo," Omolo akasema bila kunitazama. "Akadhani ulianzia kifuani. Na kitambaa kimekwisha. Lakini shemeji, jeneza hufunguliwa usoni tu. Miguu nani ataiona?"

"Mimi nilimwahidi."

Aliinamisha kichwa. Nikawapigia simu mafundi wawili niliowajua. Mmoja hakushika, wa pili alisema labda wiki ijayo. Sikuwa na mwingine wa kumpigia. Nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji, hata pa kulilia peke yangu hapakuwapo. Nikaiacha simu kitandani, nikachukua kamba, nikaenda kibandani kwetu Owino.

Pale ilikuwapo belo moja, yaani robota, ya makoti ya kiume, ambayo Odero aliinunua Jumamosi, siku mbili kabla ya kuugua. Sisi hununua belo ikiwa imefungwa. Kilichomo hakijulikani mpaka mikanda ikatwe. Kabla ya kukata, Odero alikuwa akiweka mikono miwili juu yake na kusema, "Bwana, wewe umekwisha kuiona." Niliweka mikono yangu pale pale. Nikasema maneno hayo, sikuongeza lolote.

Jirani yangu wa kibanda, Adyero, mke wa polisi kutoka kaskazini, mwenye Kiswahili cha kambini, anauza mashuka. Aliniona na kisu.

"Banange, jamani mama! Mtu yako iko mochari na wewe nakata belo? Watu itasema nini?"

"Waache waseme."

"Basi leta hiyo kisu. Leo wewe hapana kata, utajikata bure."

Akakata yeye. Yalitoka makoti mafupi, makoti mapana, mengine ya watoto. Adyero alikuwa akikunja, mimi nikichambua. Chini kabisa, mahali tunapozoea kukuta matambara, palikuwa na koti jeusi. Nilipoliinua lilikuwa zito kupita kawaida. Ndani yake ilikuwa imekunjwa suruali. Huko ng'ambo hutenganisha, makoti belo yake na suruali belo yake. Kuvikuta pamoja ni mara chache mno.

Nikaweka fundo la kwanza kiunoni. Adyero akavuta kamba hadi chini. Fundo la pili liliishia kwenye kitambaa, na chini yake kilibaki kitambaa cha vidole viwili.

Adyero aliketi juu ya makoti. "Nani aliambia hao watu ya ng'ambo?" akauliza polepole.

Belo ile ilifungwa katika nchi nisiyoijua, na mikono nisiyowahi kuiona, ikavuka bahari wakati Odero bado ana nguvu za kubeba mizigo. Kisha kati ya belo zote akaichagua hiyo mwenyewe, akaileta kwa bega lake. Hayo yote yalifanyika nikiwa bado sina hata la kuomba. Nilipiga magoti katikati ya makoti. Niliogopa, lakini sikutaka hofu ile initoke.

Ijumaa asubuhi, kule mochari, Omolo ndiye aliyemvisha. Alitoka ameshika kofia mkononi.

"Shemeji," alisema, "inagusa viatu."

Sasa belo nazifungua mimi, kila Jumanne na Ijumaa. Naweka mikono miwili juu, nasema maneno yake, na Adyero anakata mikanda.