Mkanda wa Redio

Tangu arudi kutoka vitani, Koplo hakuwahi kukalia kiti mpaka kikapata joto. Alikula amesimama, sahani mkononi, akizunguka kati ya dirisha na mlango. Mkewe alimwekea kigoda, akamwekea kochi, akamtandikia hata mkeka. Wapi! Maji ya kunywa aliyachemsha, yakapoa, akayachemsha tena.

"Baba watoto, hayo maji yameshakufa. Unayaua mara ngapi?" mkewe alimtania.

Koplo alicheka kwa mdomo tu, macho yamebaki kwenye sufuria.

Mjomba wake alikuwa na karakana ya useremala nyuma ya soko, akamchukua ili apate pa kutulizia mikono. Mikono ilitulia. Miguu ndiyo iliyokataa. Koplo alipiga randa ubao mmoja, akauacha nusu, akaenda kupiga msasa mguu wa kitanda, akauacha nao, akatoka nje kuangalia barabara kama mtu aliyeahidiwa mgeni. Mjomba hakumsema. Aliwazoesha tu wateja kwamba vitanda vitachelewa.

Na siku moja mgeni akaja kweli. Alikuwa mwanamke wa makamo, nyuzi za cherehani zimemganda kwenye kifua cha gauni, mkoba ameukumbatia. Alimtazama Koplo kuanzia buti hadi usoni.

"Wewe ndiye uliyekuwa na mwanangu? Aliniambia kwenye simu kwamba mnamwita Redio."

Randa ikasimama juu ya ubao. Redio! Kijana aliyeanza kuongea kwenye gwaride la asubuhi na kumalizia ndani ya blanketi, na akishapitiwa na usingizi akaendelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Walituambia ni risasi. Nataka kujua ilimpata wapi."

"Kifuani," Koplo alijibu upesi mno. "Hakuteseka."

Mama yule alifungua mkoba, akatoa mkanda wa jeshi, akaulaza juu ya mbao. Ulikuwa na matundu yake ya kiwandani, halafu mengine yaliyotobolewa kwa msumari, yamekaa upogo, moja baada ya jingine yakizidi kuingia ndani.

"Huu ndio waliotuletea, pamoja na buti zake," alisema. "Suruali zake zote nilizishona mimi. Mwanangu alikuwa na kitambi tangu shuleni. Risasi haimkondeshi mtu namna hii."

Koplo aliyatazama yale matundu. Msumari uliotumika ulikuwa wake yeye, Koplo.

"Mama, siwezi kukueleza nikiwa nimekaa."

"Nani kakwambia ukae? Twende."

Wakatoka. Walipita kwenye gereji, wakapita kwenye mashine ya kusaga unga, wakaingia uchochoro wa mafundi vioo. Mama alikuwa mfupi, lakini hakuachwa nyuma. Palipokuwa na dimbwi, Koplo alilizunguka kwa mbali kama linalouma.

Alimweleza kwamba waliamriwa washike daraja, kisha wakaamriwa warudi nyuma kwa miguu, kwa kuwa malori hayakuwa na mafuta. Lori moja tu lilibaki linatembea, la maji, nalo likafuata njia nyingine na hawakuliona tena. Jua lilikuwa kali. Walipofika kwenye bwawa lililokanyagwa na ng'ombe, hakuna ofisa aliyeweza kuwazuia watu, na maofisa wenyewe wakapiga magoti wakanywa. Baada ya hapo matumbo yakaanza.

"Adui hatukumwona tena, mama. Tulikuwa tunapungua tu. Watu waliopona mabomu walichuchumaa kando ya njia wakashindwa kuinuka. Asubuhi unamwita mtu, haitiki."

"Na mwanangu?"

"Aliongea. Alisema jeshi letu ndilo la kwanza duniani kushambulia vichaka kwa makalio."

Kicheko kilimtoka mama kabla hajakizuia. Kikapasuka katikati, kikageuka kilio, ila miguu yake haikusimama. Koplo naye hakusimama.

"Mwisho wake ulikuwa wapi?"

"Chini ya gari bovu, kwenye kivuli. Mchana. Nilimshikia kichwa. Alikuwa anasimulia siku uliyomfukuza na rula ya kushonea kwa sababu alikata kitambaa cha mteja. Hakufika mwisho."

Mama alijifuta uso kwa kiganja.

"Lilikuwa pazia, si kitambaa cha mteja," alisema. "Na sikumkamata. Alipanda juu ya bati akaanza kunihutubia kama mbunge. Nikaishia kucheka."

Siku iliyofuata akaja baba. Alikuwa sajini mstaafu, mgongo ungali umenyooka. Hakusalimia.

"Ni wewe uliyemwambia mke wangu mambo ya choo?"

Mjomba aliweka nyundo chini taratibu. Koplo alikuwa anazunguka kitanda kisichokwisha.

"Ni mimi, mzee."

"Pale kwa kinyozi kila mtu anajua kijana wangu alikufa akiikimbilia bunduki ya adui. Mimi ndiye niliyewaambia. Leo nikawaambie nini?"

"Alitembea nasi mpaka miguu ikamwishia. Alimbebea mwenzake bunduki huku yeye mwenyewe anahara damu. Kama hiyo ni aibu, sijui. Wewe ulikuwa jeshini, mzee, niambie wewe."

Mzee alishika ubao wa kitanda. Mjomba alimsogezea stuli, mzee akaikataa.

"Kwenye vita vyetu sisi ilikuwa homa," alisema. "Tulichimba makaburi huku tunatetemeka. Risasi tulizisikia kwa mbali. Mkanda ule nilipouona tu, nilijua. Nikaufungia kabatini. Mama yake akautoa."

Aligeuka akatoka, akaenda moja kwa moja kwa kinyozi. Koplo alishindwa kubaki karakanani, akamfuata hadi barabarani mbele ya kinyozi.

Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Sauti moja ikadakia, "Sajini huyo! Tupe ile ya kijana na bunduki."

"Hakukuwa na bunduki," mzee alisema akiwa mlangoni. "Lilikuwa tumbo. Kuhara damu. Kombania karibu yote iliisha hivyo, kwa kukosa maji ya kunywa."

Kinyozi akazima mashine. Mteja, nusu kipara nusu nywele, akainamisha uso. Kwenye benchi, fundi baiskeli aliyekuwa anasubiri zamu yake alimtazama Sajini, kisha akamtazama Koplo aliyekuwa nje na buti zake za jeshi, akihamia mguu huu na ule.

"Mdogo wangu naye walituambia risasi," alisema. "Mrefu, mwenye pengo. Unamfahamu?"

Koplo alimfahamu.

Fundi akasimama, akaiacha zamu yake. "Mama yuko nyumbani. Si mbali."

Koplo alijikung'uta vumbi la mbao mikononi. Wakaondoka, Koplo akitangulia mbele, ingawa nyumba yenyewe hakuijua.